Nilinunua kangaja kwa dola 129, mama akasikia!

Msomaji wangu, kabla hujaanza kucheka naomba unisikilize mpaka mwisho, ukimaliza ruksa. Mimi ni mtoto wa Tanga, wa Sahare kabisa, pale wavuvi wanapoegesha ngalawa. Kwetu samaki si kitu cha kumshangaza mtu. Anavuliwa, anauzwa, anakaangwa, maisha yanaendelea. Sasa mtoto huyo huyo wa Sahare, Januari ya mwaka 2024, akiwa na akili zake timamu, alikaa kwenye kochi mjini Columbus, jimbo la Ohio, Marekani, akabonyeza simu na kulipa dola 129 kwa kangaja mmoja. Mmoja tu! Tena si wa kula, wa kuangalia! Na hapo nauli ya samaki mwenyewe, dola 49, sijaigusa.

Ndugu zangu wa bara msichanganye mambo, simsemi kangaja lile chungwa dogo tamu. Huyu ni samaki wa mwambani, bapa kama sahani, na kwenye shina la mkia ana miiba miwili, mmoja kila upande, mikali kama wembe wa kinyozi. Ukimshika ovyo unalia. Marehemu baba alikuwa na kovu refu kiganjani ambalo utotoni nilidhani ni la vita, kumbe ni la kangaja. Wengi wao ni weusi weusi au kahawia, hawana la ajabu. Lakini yupo mmoja ambaye Mungu alimpaka rangi akiwa na nafasi: mwili buluu laini kama anga la asubuhi, uso mweusi, kidevu cheupe, na mgongoni pezi la njano utafikiri limepakwa jana. Sokoni huwezi kumjua, maana akishakufa rangi inapauka, anatupwa kwenye fungu pamoja na wenzake na hakuna anayeuliza jina lake. Ndiye niliyemnunua mimi.

Nilifika Marekani mwaka 2014. Kazi yangu ni ile mnayotutania nayo huko Bongo, nabeba boksi. Tofauti ni kwamba wengine wanaambiwa hivyo kwa mafumbo tu, wanaosha wazee au wanalinda magari, mimi nabeba maboksi kweli kweli, kwenye ghala la vifurushi, usiku kucha. Kampuni siitaji maana bado nakula kwao.

Sasa mwaka 2022 mshikaji mmoja Mmarekani wa shifti yetu akahamia Arizona, akaniambia ana tenki la samaki hawezi kuhama nalo, nikilitaka nije na watu. Bure. Nikaenda na Wabongo watatu tukalibeba, futi 6 za kioo, tukatokwa jasho kwenye baridi. Tenki lenyewe galoni 125, yaani lita 470 na ushee. Waliosema rahisi huvunja upishi hawakukosea, maana hapo ndipo pochi langu lilipotobolewa. Mwenzangu alikuwa anafuga samaki wa maji ya chumvi, na mimi nikajitia kichwa ngumu kwamba mtoto wa pwani hawezi kufuga samaki wa mtoni.

Maji ya bomba hayafai, yana klorini, lazima yapite kwenye mtambo wa kuchuja mpaka yabaki maji matupu. Halafu unaweka chumvi. Si ya jikoni, ni ya kiwandani iliyochanganywa madini yote ya baharini, gramu 35 kwa kila lita. Piga hesabu mwenyewe: kilo 16 na zaidi kwa kulijaza mara moja, na maji unayabadilisha kidogo kidogo kila baada ya wiki mbili. Nilipomwambia mama kwenye simu kwamba nanunua chumvi ya kutengenezea bahari, alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama nakula vizuri.

Na maji yakishakuwa na chumvi bado si bahari. Samaki anatoa amonia, na amonia ni sumu. Wapo bakteria wanaoigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, na wapo wengine wanaoigeuza hiyo kuwa naitreti, ambayo angalau inavumilika. Hao unawasubiri wazaliane kwenye mawe na mchanga. Nilisubiri wiki 6 nzima. Kila nikirudi kazini alfajiri nakaa kwenye kochi, naangalia maji na mawe, taa zinawaka, pampu zinanguruma, umeme unakwenda. Mama watoto, ambaye naye anatoka kazini amechoka, akaniuliza siku moja kwa upole kabisa, “Wageni wakija niwaambie nini? Kwamba tunafuga mawe?” Tangu hapo tenki likapata jina, mke mwenza.

Basi bwana, masika ya mwaka 2023 nikaagiza samaki wa kwanza. Hapa lazima niwaeleze jinsi kiumbe anavyotumwa kama barua, maana hata mimi nilidhani natapeliwa. Muuzaji anamnyima samaki chakula siku moja au mbili ili asichafue maji njiani. Anamtia kwenye mfuko wa plastiki, maji kidogo, juu anajaza oksijeni, anafunga kwa mpira, anavalisha mfuko wa pili. Mfuko unakaa ndani ya boksi la povu, na boksi la povu ndani ya boksi la karatasi. Ikiwa ni kipindi cha baridi wanaweka na pakiti ya joto, ndani yake mna unga wa chuma ambao ukigusana na hewa unachemka taratibu kwa saa kadhaa. Jioni linachukuliwa, usiku linapanda ndege, asubuhi mtu anakugongea mlango. Mimi viza ilinichukua miaka miwili.

Nilianza kwa kutaka makubwa. Niliona kwenye orodha samaki anaitwa wa Zanzibar, kitatange wa njano mwenye doa jeusi ubavuni, jina la kitaalamu Chaetodon zanzibarensis, alilopewa mwaka 1867 na Playfair, aliyekuwa konsuli wa Uingereza kule Unguja. Nikasema huyu huyu, wa nyumbani! Bahati nzuri kuna mzee mmoja mwenye duka la samaki mtaa wa pili, nikaenda kumwuliza kwanza. Akatikisa kichwa. Akaniambia huyo chakula chake ni matumbawe, matumbawe hai, ukimpa kingine anakiangalia tu mpaka anakufa njaa mbele yako. “Kwa nini wanamuuza basi?” nikauliza. Mzee akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini kuna mvua.

Nikaagiza watatu. Wawili ni wale wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, waliopata umaarufu kwa filamu ya Finding Nemo ya mwaka 2003, ambao siku hizi wanazalishwa kwenye mabwawa ya wafugaji na si lazima mtu akawatoe baharini. Wa tatu kitatange mdogo sana, njano na buluu. Walifika saa nne na nusu asubuhi, wazima, wanacheza mifukoni. Mimi nimetoka kazini, macho mazito. Nilikuwa nimesoma kwamba samaki asiingizwe kwenye maji mapya ghafla, afanywe taratibu. Nikafungua mifuko, nikawamimina kwenye ndoo, nikaweka kimpira chembamba kinachodondosha maji ya tenki tone kwa tone, wazoee polepole. Nikasema acha nijinyooshe dakika kumi.

Nilizinduka saa saba mchana. Wawili walikuwa wanaelea, matumbo juu. Aliyebaki ni Nemo mmoja, anahema kama mkimbiaji. Nikaandika kwa muuzaji kudai haki yangu, wakanijibu kwa adabu kwamba dhamana yao ni samaki kufika hai, na hawa si walifika hai? Walifika. Waliofia mikononi mwangu ni wangu.

Nikarudi kwa mzee wa duka na ndoo yangu kama mtu aliyebeba ushahidi. Alinielewesha jambo ambalo sijalisahau. Ndani ya mfuko samaki anatoa amonia usiku kucha, lakini pia anatoa hewa chafu anayopumua, na hewa ile inayafanya maji yawe na asidi kidogo, na asidi ndiyo inayoituliza amonia isimdhuru. Ukifungua mfuko, hewa chafu inatoka, asidi inapungua, na ile amonia iliyokuwa imelala inaamka ghafla ikiwa kali. Samaki aliyesalimika safari nzima anauawa ndoo ikiwa sebuleni. Mimi niliwaweka humo zaidi ya saa mbili. “Umewaua kwa huruma,” mzee akasema, wala hakusema kwa ubaya. Ulikuwa unatakiwa uelekeze mfuko juu ya maji ukiwa umefungwa mpaka joto lilingane, halafu ufungue na kumtoa samaki chapuchapu, yale maji ya mfuko unayamwaga.

Miezi minane sikuagiza kitu. Nemo wangu alizunguka peke yake kwenye lita 470 kama mlinzi wa uwanja wa mpira.

Ndipo Januari 2024 nikamwona. Kangaja yule wa buluu. Na chini ya picha, pale wanapoandika alikotoka, pameandikwa Kenya. Nikakaa wima.

Shangazi yangu aliolewa Shimoni, pwani ya kusini ya Kenya. Kutoka Tanga ukishavuka Horohoro si mbali hata kidogo. Mtoto wake, binamu yangu, nilijua anapiga mbizi, ila nilidhani ni pweza na kamba. Nikampigia WhatsApp kumwonyesha picha. Akacheka mpaka simu ikamwanguka.

“Huyo namjua kwao na kwa baba yake,” akasema. Kumbe kazi yake siku hizi ni hiyo hiyo! Wanakwenda wawili wawili, wanatandaza wavu mdogo kuzunguka jiwe, mmoja anawaswaga kwa kijiti taratibu, mwingine anawateka kwa wavu wa mkono. Akaniapia kwamba wao ni wavu tu, hawatumii dawa. Kupanda juu wanapanda polepole, samaki ukimpandisha haraka kutoka kwenye kina tumbo linajaa hewa. Kisha ndoo, kisha gari, kisha mabwawa ya msafirishaji ambako anakaa siku kadhaa, kisha uwanja wa ndege. Wengi wanaokwenda Marekani wanapitia Los Angeles, wanakaguliwa na watu wa wanyamapori, wanauzwa jumla, ndipo rejareja. Hakuna anayewadai barua ya benki wala ya mwajiri.

“Anakula nini?” nikamwuliza.

“Mwani. Tangu jua lichomoze hadi lichwe, kichwa chini, anagwegweda mawe. Ukimlisha mara moja kwa siku kama mbwa, atakonda hivi hivi unamwona.”

Nikamwuliza yeye analipwa ngapi kwa samaki kama huyo. Akanitajia. Naomba nisiiandike hapa, ni siri yake na tajiri wake, ila nitasema hivi: ile nauli ya dola 49 peke yake ingemlipa yeye kwa samaki wengi. Naye akaniuliza mimi nauziwa ngapi. Hapa ndipo nilipofanya kosa, ndugu msomaji. Badala ya kumeza mate nikamtajia. Sijui nilitaka aone nini, labda kwamba mtu wa boksi naye ana uwezo. Simu ikawa kimya. Nilidhani mtandao umekatika.

“Dola?” akauliza.

“Dola.”

“Haya ndugu yangu. Mlee vizuri.”

Kosa lenyewe lilikuwa na mizizi. Wiki moja kabla, dada yangu alinipigia kuhusu jiko la mama. Paa la makuti limeoza, mama anapika mwavuli mkononi, anataka bati 14 kabla ya masika. Nami nikamjibu ile lugha ambayo watu wa huku tunaijua wote, kwamba mwezi huu nimebanwa kidogo, tuvumiliane mpaka mwezi ujao. Na kweli nilikuwa nimebanwa. Ila ukimwambia mtu umebanwa, halafu ukanunua samaki, huko si kubanwa tena.

Nilijua. Nikabonyeza.

Safari hii nilijiandaa. Nikamwuliza muuzaji chumvi ya maji yake ni kiasi gani, nikatayarisha tenki dogo la karantini lenye chumvi hiyo hiyo ili asiwe na kuzoea kokote. Kangaja wa aina hii ana sifa mbaya ya ugonjwa wa vidoa vyeupe, vijidudu vinavyomganda mwilini kama chembe za chumvi, kwa hiyo lazima atengwe wiki kadhaa na kupewa dawa ya shaba, vinginevyo anamwambukiza mwenyeji. Kila kitu tayari. Boksi likatoka Los Angeles Jumanne, kwa saa za kwetu ilikuwa saa mbili usiku, na pakiti ya joto ya saa 40. Jumatano saa nne na nusu asubuhi liwe mlangoni.

Jumatano asubuhi simu inasema limecheleweshwa kwa sababu ya hali ya hewa. Ilikuwa wiki ile ya katikati ya Januari ambayo baridi kali ilishuka mpaka kusini, barabara zimejaa theluji, ndege zimekwama. Mchana vile vile. Usiku vile vile. Nikaenda kazini na simu mfukoni, naitoa kila dakika kumi kama kijana anayesubiri meseji ya demu.

Niwaambie siri ya ghala. Ile mishale mnayochora kwenye boksi, “juu huku”, mkanda hauisomi. Mkanda unalipeleka boksi likikaa ubavu, kichwa chini, vyovyote, na mwisho wa mkanda yupo mtu kama mimi mwenye maboksi mia yanayomfuata. Miaka yote hiyo sijawahi kusoma mshale. Usiku ule, karibu saa nane, likaja boksi lenye karatasi ya kijani, samaki hai wa kitropiki, limelalia ubavu. Moyo ulinipasuka! Nikalitazama jina, si langu. Ni la mtu wa mji mwingine kabisa. Nikalisimamisha, nikalichukua mikononi, nikaacha mkanda wangu unajaa, nikatembea nalo mpaka kwenye lori na kuliweka mahali pazuri nyuma ya masanduku mazito. Kijana wa zamu yetu akaniuliza kama mna dhahabu humo. Bosi akaniuliza swali jingine ambalo halichapishiki.

Langu lilifika Alhamisi saa tisa alasiri. Saa 43. Nilipoinua kifuniko cha povu pakiti ya joto ilikuwa baridi kama jiwe. Maji ya mfuko yamekuwa ya njano kidogo. Na yeye amelala ubavu chini ya mfuko, ile buluu imekuwa kijivu, kama wale wa kwenye fungu la sokoni. Shavu moja ndilo lilikuwa linafunguka na kufunga, kwa mbali sana. Nikapiga picha, maana dhamana inataka picha. Ndiyo, nakiri, nilipiga picha kwanza.

Nikauelekeza mfuko juu ya maji ya karantini, umefungwa. Kipimajoto kilichokuwa nje ya mfuko kilisoma nyuzi 18, tenki lilikuwa 25. Nikasubiri. Mkono unawasha kuufungua na akili inaniambia ukifungua sasa unarudia yale yale ya ndoo. Dakika arobaini, msomaji, ni nyingi kuliko wiki 6.

Nilipofungua sikutumia wavu, miiba ya mkia inanasa. Nilichukua bakuli la mama watoto la kukandia unga, lakini yeye hakuweza hata kuogelea kuingia humo, nikaona potelea mbali, nikamtia kiganja chini na kumbeba. Alikuwa mlaini, hana nguvu. Nikamteremsha majini, nikawa nimemshikilia mbele ya pampu ili maji yapite kwenye mashavu. Sijui ni dakika ngapi. Mara akajitingisha mara moja tu, na kiganja changu kikachanika kutoka kidole cha mwisho mpaka katikati. Damu ikatapakaa kwenye maji. Nilicheka peke yangu kama kichaa, maana samaki aliyekufa hakati mtu.

Mama watoto aliporudi jioni alinikuta nimekaa sakafuni, mkono umefungwa kitambaa cha jikoni, taa zimezimwa ili mgonjwa asishtuke. Nilikuwa nimeshapiga simu kazini kwamba siendi, kwa hiyo ongeza na mshahara wa usiku mmoja kwenye bei ya kangaja. Alisimama mlangoni na koti lake.

“Siku niliyojifungua hukukaa hivi,” akasema.

Sikuwa na jibu. Akaenda kubadilisha nguo, nikadhani amekwenda kulala. Akarudi na chai vikombe viwili, akakaa chini pembeni yangu. Hatukuzungumza sana. Karibu saa nne usiku samaki akawa amesimama wima, kona ya nyuma, anahema. “Anaitwaje?” akaniuliza. Nikamwambia kangaja. Yeye ni mtu wa Dodoma, alinitazama akidhani namtania, kangaja si chungwa?

Siku mbili hakugusa kitu. Siku ya tatu nikabana kipande cha mwani mkavu, ule wa duka la Wakorea wanaozungushia wali, kwenye kioo kwa kibanio cha nguo. Mama watoto ndiye aliyemwona. Alinipigia kelele kutoka sebuleni mpaka nikadhani kuna moto. Alikuwa anagwegweda, kichwa chini, kama alivyosema binamu.

Sasa furaha yangu ilidumu kama siku nane hivi. Jumapili moja asubuhi simu inalia, mama. Mama hapigi yeye, huwa anabipu.

“Hujambo mwanangu.”

“Sijambo mama, shikamoo.”

“Marahaba. Nasikia umenunua kangaja.”

Msomaji, nilihisi sakafu imefunguka. Binamu alimwambia shangazi, shangazi hawezi kulala na neno tumboni, na kutoka Shimoni mpaka Sahare habari haihitaji pasipoti. Nikasema ndiyo mama.

“Mmoja?”

“Mmoja.”

“Wa kula?”

“Wa kuangalia.”

Akanyamaza. Nilitamani anifokee. Dada yangu nilimsikia kwa nyuma akisema mwulize bei, mwulize bei, na mama akamwambia nyamaza, bei naijua. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea: “Hebu nimwone.”

Wakati huo kangaja alikuwa bado karantini lakini rangi yake yote ilikuwa imerudi. Nikageuza kamera. Dada akamshikia mama simu karibu na uso, nikawa naona jicho moja na ushungi. Alimwangalia muda mrefu. Huyu mama ameparua samaki maisha yake yote, wa aina hiyo ameshawatia kwenye chungu sijui wangapi.

“Kumbe ndivyo alivyo akiwa hai,” akasema. “Baba yako alikuwa ananiambia, nikidhani ananipumbaza.” Halafu, “Mbona yuko peke yake?”

“Wakiwa wawili humu wanapigana mama. Nafasi ndogo.”

“Baba yako alisema wanatembea kundi zima.”

“Huko kuna nafasi.”

“Mkono umefanya nini?” Kumbe ulikuwa umeingia kwenye kamera. Nikamwambia. Nikasikia anacheka, kile kicheko chake cha puani, na dada naye akaanza kucheka, na mimi nikacheka kwa woga.

“Haya, mpe mwani wake,” akasema alipotulia. “Na bati ni geji 30, usinitumie nusu nusu. Masika hayo yanakuja.”

Nikatuma Ijumaa hiyo hiyo, zote 14, na za misumari.